Makosa Kumi na Saba

Kazini walimwita Bi Nukta, na aliyembandika jina hilo hakumwonea. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba nyeusi. Angeweza kuingia chumbani, akasalimiwa na watu watano kwa pamoja, na kabla hajaitikia akawa ameshaona kwamba tangazo la ukutani limekosa nukta. Hakuliacha hivyo. Alitoa kalamu, akaiweka nukta mahali pake, ndipo akageuka na kusema, "Marahaba."

Kazi yake ilikuwa kusoma prufu katika kiwanda cha chapa. Kitabu, kadi au kalenda kabla haijachapwa kwa maelfu, huchapwa nakala moja ya majaribio, na mtu mmoja huketi na nakala hiyo kuwinda makosa. Mtu huyo akisinzia, bibi harusi huolewa kwa jina la mwingine, na marehemu huzikwa kabla hajazaliwa. Bi Nukta alikuwa na miaka thelathini na moja kwenye kiti kile, na hakuwahi kumzika mtu kabla hajazaliwa.

Alikuwa na namna yake ya kusoma, aliyofundishwa na mzee aliyemwachia kiti. Usisome habari, mzee alimwambia, soma herufi. Ukisoma habari itakushika mkono na kukupeleka mbio, na macho yataona kilichotakiwa kuwepo badala ya kilichopo. Basi alifunika ukurasa wote kwa karatasi nyeusi, akaacha mstari mmoja tu, na huo aliusoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, neno kwa neno, rula ikisogea chini yake. Alikuwa amesoma riwaya nzima nzima kwa mtindo huo, na ukimuuliza zinahusu nini, hana habari. Tanzia ndiyo usiseme, amesoma mamia bila kujua nani kafa. Hayo kazini hayakumdhuru mtu. Tatizo ni kwamba hakujua kuyaacha kazini.

Alipanga chumba na kijisebule ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Palikuwa na kitanda, meza na viti viwili, na kiti cha pili kilikuwa kimekaliwa na magazeti ya zamani kwa muda mrefu hata mgeni akija ingekuwa kama kumfukuza mwenye nyumba. Jioni alikaa hapo na simu yake akiwasoma watu asiowajua. Na katika kuwahukumu alikuwa na katiba yake kamili. Anayedondosha h ni mvivu. Anayeiongeza pasipotakiwa ni mnafiki, anajifanya kajaliwa zaidi. Anayeunganisha maneno ni mchoyo, hata nafasi tupu inamuuma kuitoa. Na anayeandika "xaxa" badala ya "sasa", huyo Bi Nukta alikuwa na hakika kwamba hata kitanda chake hatandiki.

Si kwamba aliishia kuhukumu moyoni. Mtu mmoja alitangaza kwamba anauza "magodolo" yaliyotumika kidogo, na Bi Nukta akaandika chini yake, "Ni magodoro." Muuzaji akamjibu, "Mama, unanunua au unafundisha?" Watu arobaini wakacheka. Bi Nukta akaizima simu, akaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi. Hata mwanamume aliyewahi kumposa, enzi zile za barua, barua yake ya kwanza ilikuwa na makosa manne, naye akamrudishia imesahihishwa. Ya pili haikuja. Kwa miaka alisema afadhali, mpaka akazoea kulisema bila kuulizwa.

Katika dunia nzima, aliyebaki aliyenyonya naye ziwa moja alikuwa mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, aliyeishi upande wa pili wa mji. Shule ilimshinda darasa la sita, naye akaishinda shule kwa kutorudi tena. Mikono yake iliweza kukunja chuma kikawa ua, lakini ikishika simu iliandika kama mdomo unavyosema, kituo mara kipo mara hakipo, l na r zikibadilishana viti. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine yake alimwandikia dada. "Dada umeamkaje uku mvua imetushika." Na dada, akiwa na chai mkononi, alimjibu neno moja: "Huku." Kesho yake mdogo mtu anasema chuma kimeletwa "arafu" kimepungua. Anajibiwa: "Halafu." Mazungumzo yao yalikuwa hayo kwa miaka, mmoja akileta habari, mwenziwe akirudisha herufi. Na bado mdogo wake aliandika kila asubuhi, Jumapili hata sikukuu.

Ndipo mama yao akafariki. Mama alikuwa akiishi kwa mdogo mtu, kwenye chumba cha nyuma ya karakana, na alikwenda taratibu kama mtu aliyeaga kila mlango. Bi Nukta hakulia mazishini. Alisimama wima, akapokea mikono ya watu, akawaambia waliopanga viti kwamba mstari wa tatu umepinda.

Wiki moja baadaye alikuwa amerudi kazini, siku yake ya kwanza, pale simu ilipolia. Mdogo wake alikuwa ameandika ujumbe mrefu kwenye grupu la familia, lile lililoitwa Ukoo Mmoja, lenye watu ishirini na watatu. Ujumbe ulihusu mama. Hilo Bi Nukta aliliona kwenye mstari wa kwanza, na hapo hapo akashindwa kwenda wa pili. Akafanya lile alilolijua. Akauchapa kwenye karatasi, akaweka karatasi nyeusi juu yake, akachukua rula na kalamu nyekundu, akaanza mwishoni. Alipofika juu alikuwa ametulia kabisa. Akaipiga picha karatasi ile, nyekundu tupu kama mguu uliokanyaga miiba, akairusha kwenye grupu na maneno haya: "Makosa 17. Naomba yarekebishwe kabla haujasambazwa kwa majirani."

Nia yake ilikuwa njema. Tumwamini hapo, kwa sababu yeye mwenyewe aliamini. Hakutaka majirani wamcheke mdogo wake wakati wa msiba. Lakini kama wahenga walivyosema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu nayo ni ulimi tu uliovaa kofia. Baada ya kitambo mdogo wake akaandika, "Sawa dada." Ujumbe wa kesho asubuhi haukuja, wala wa keshokutwa.

Alijiambia yuko kwenye majonzi, kisha kwamba ana kazi nyingi. Akajiambia hivyo miezi saba. Asubuhi alikunywa chai akiitazama simu iliyolala kimya, na kikombe kikiisha alikwenda zake kazini. Kwenye Ukoo Mmoja aliweka salamu za mwaka mpya, akaweka pia makala ndefu kuhusu matumizi ya alama ya mkato. Wakamjibu kwa kidole gumba. Watu ishirini na wawili, vidole gumba vinne.

Jumatano moja, saa ya mapumziko, alikuwa peke yake kwenye meza ya kona akimenya yai la kuchemsha. Picha ikaingia kwenye Ukoo Mmoja, imetoka kwa binti wa mdogo wake, yule muuguzi aliyeolewa mwaka juzi. Chini ya picha palikuwa na maneno: "jmn mjukuu wa fundi uyu apa, babu analia tu toka asbh."

Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: kwanza alihesabu makosa. Ndipo akaitazama picha. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na ovaroli yake ya kazi, ameshika kitoto kilichofungwa kitambaa cha njano. Alikishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kukichafua, na uso wake ulikuwa umelowa. Bi Nukta alikuwa bado anatazama picha ikatoweka. Mahali pake pakaandikwa kwamba ujumbe umefutwa.

Akapiga simu.

"Shikamoo Shangazi," binti akapokea, sauti yake ndogo.

"Marahaba. Nimeona picha. Mtoto wa nani?"

"Wangu, Shangazi."

"Wako? Umezaa lini?"

"Jana asubuhi. Wa kike."

Bi Nukta akaliweka yai chini. "Hongera. Hongera sana, mama. Na mimba nani alijua?"

"Watu tu, Shangazi."

"Watu gani?"

"Watu wa kwenye grupu."

"Na mimi si nimo kwenye grupu?"

Nyuma ya binti kichanga kikasikika kikilalamika, kikatulizwa. "Lipo jingine, Shangazi. Nilitaka kutuma kule nikakosea. Nisamehe."

"Linaitwaje?"

"Andika Tu."

Jina lile halikuhitaji maelezo. Bi Nukta alijua limelengwa wapi na limempata nani. "Na baba yako yumo?"

"Baba ndiye aliyelianzisha." Kisha, kwa haraka, kama anayefunika sufuria inayochemka: "Lakini hakukusema vibaya, Shangazi, wallahi. Alisema tu watu nao wapate pa kusemea."

Jioni ile alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alikaa mezani, akalifungua grupu la Ukoo Mmoja na kurudi nyuma. Safari haikuwa ndefu, maana katika miezi saba aliyeongea ni yeye peke yake. Alipita salamu zake na makala yake, akapita karatasi yake nyekundu, akafika kwenye ujumbe wenyewe wa mdogo wake. Akausoma. Ni ajabu, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuusoma. Mdogo wake alikuwa ameandika hivi:

"Mama yetu amerala. nawashukulu wote mliokuja na wasiokuja. mimi sijui kuandika kama dada yangu lakini ntajalibu. watu wananisifu kwamba mimi ndie nilikua naishi na mama. ukweli lazima niseme. dada ndie alikua anatoka mbali kila jumamosi anakuja kumkata mama kucha. mimi nilijalibu siku moja mama akasema we mkono wako wa chuma niache nimsubili dadako mkono wake hauumizi. siku ya mwisho kucha za mama zilikua safi. dada nakushukulu kwa kucha za mama."

Alikuwa amezisahau zile kucha. Au tuseme hakuzisahau, aliziweka mahali asipopita. Kila Jumamosi alichukua beseni la maji ya uvuguvugu, akailoweka miguu ya mama mpaka kucha zilainike, kisha akakata polepole huku mama akimsimulia mambo yale yale ya wiki iliyopita. Hakudhani kuna mtu aliyeona. Na hapo pembeni, kwenye picha ya karatasi yake, mbele ya mstari ule wa mwisho, alikuwa ameandika kwa wekundu na kwa mwandiko mzuri: "r". Mdogo wake amemshukuru mbele ya ukoo mzima, yeye akamrudishia herufi.

Akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na viatu miguuni. Alimlilia mama yake kwa mara ya kwanza na hapakuwa na wa kumwambia pole.

Jumapili alipanda basi kwenda upande wa pili wa mji, na shali ya mtoto kwenye mfuko. Juu ya karakana kulikuwa na kile kibao cha mdogo wake alichokichukia miaka yote, FUNDI WA MAGETI NA MADILISHA. Safari hii alikipita akitazama chini. Mageti mapya yalikuwa yameegeshwa ukutani yakinuka rangi. Kutoka ndani alisikia sauti ya mdogo wake, imepanda juu, ikisimulia.

"Basi nikamwambia, mzee, geti lako kubwa kuliko ukuta! Akasema wewe tengeneza, ukuta utakua! Ukuta utakua, jamani! Kwani mmea huo?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bi Nukta alisimama mlangoni, mkono umeinuliwa kugonga, asigonge. Alitamani wamalize, wapate nyingine, yeye aendelee kusimama pale. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mdogo wake alimsimulia kitu kikafika mwisho.

"Hodi," akasema hatimaye.

Kicheko kikakatika. Watu wakasimama. Wifi yake akaondoa nguo kwenye kiti, kijana mmoja wa mjomba akaweka simu mfukoni, na mdogo wake akaja mbele akifuta viganja kwenye suruali.

"Karibu sana, dada yangu," akasema. "Tunashukuru kwa kututembelea. Habari za utokako?"

Neno "tunashukuru" alilitamka polepole, r yake ameiweka mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayevuka dimbwi na viatu vipya. Bi Nukta aliijua lugha ile. Ni ya kadi za mwaliko, ameisoma miaka thelathini na moja.

"Nzuri," akajibu. "Endelea bwana, nilisikia habari za geti."

"Ah, ule ulikuwa utani tu, dada. Hakuna la maana."

Akapewa kiti kizuri. Akapewa soda. Kila aliyesema alisema sentensi moja fupi, akaikagua, akanyamaza. Binti alimwekea mtoto mapajani, na kwa muda ule angalau palikuwa na mtu mmoja mle ndani asiyemwogopa. Kichanga kilifumba macho, kikapiga chafya, kikaendelea na usingizi wake. Kilikuwa na paji la uso la mama yao, pana na la kibishi. Bi Nukta alitaka kulisema hilo, akaona kila mtu anamtazama midomo, akalimeza.

Alipoaga, mdogo wake alimsindikiza hadi karakana. Hapo Bi Nukta akasimama katikati ya vyuma.

"Mdogo wangu. Ule ujumbe wa Mama nimeusoma."

"Si uliusoma siku ile, dada?"

"Siku ile sikuusoma. Niliusahihisha."

Fundi akaokota kipande cha waya sakafuni, akakikunja, akakikunjua. "Yameisha hayo."

"Hayajaisha. Nilifanya vibaya. Nilikukosea wewe, na nilimkosea Mama."

"Mimi sina kinyongo, dada. Haki ya Mungu sina. Wewe umesoma, na ndiyo kazi yako. Mimi nikaona kwa nini kila siku nikuchoshe. Mtu unatoka kazini kusahihisha, unafika nyumbani unakuta mimi tena."

Laiti angefoka. Kwa hasira Bi Nukta angejua pa kushika. Lakini mdogo wake aliongea kwa upole wa kweli, kama anayempunguzia mgonjwa mzigo.

"Niandikie tena," akasema. "Asubuhi, kama zamani. Chochote. Mvua, chuma, chochote."

"Nitakuandikia, dada."

"Kweli?"

"Nitakuandikia."

"Na kule kwenye Andika Tu..."

Fundi akaangalia chini. "Kule ni upuuzi upuuzi tu, dada. Hutakupenda."

Hakumshikilia. Ahadi ya kuandikiwa ilimtosha, na katika basi aliishika kama tikiti.

Jumatatu aliamka mapema, akaiweka simu karibu na kikombe. Haikulia. Kazini aliiweka kando ya rula, uso juu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano alikuwa akisoma prufu ya kadi ya harusi, na alipofika mwisho akagundua kwamba anajua nani anamwoa nani, na kwamba sherehe ni saa nane. Ilimbidi aanze upya. Binti wa kompyuta aliyeketi meza ya pili alimwangalia juu ya skrini yake.

"Bi Nukta, leo unasoma au unaalikwa?"

"Fanya kazi yako," akamjibu, lakini bila makali, hata binti akashtuka.

Ujumbe ulifika Ijumaa, wakati wa mapumziko. Alipoliona jina la mdogo wake alikwenda kusimama dirishani ili asome vizuri. Ulikuwa mrefu.

"Mpendwa Dada, natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi sote hapa nyumbani hatujambo. Mtoto anaendelea vizuri; ameongezeka uzito na analala bila shida. Tunakushukuru kwa dhati kwa kututembelea siku ya Jumapili, pamoja na zawadi nzuri uliyotuletea. Tafadhali karibu tena wakati wowote. Wako, mdogo wako."

Akausoma mara mbili. Mara ya tatu alijikuta akitafuta, mstari kwa mstari, l moja iliyopotea njia, neno moja lililodondosha h, sentensi moja iliyokimbia bila kituo. Nukta zote zilikuwepo. Hata nukta-mkato ilikuwepo, na mdogo wake nukta-mkato hata angeikuta mlangoni angedhani ni mchwa. Ujumbe ule ungeweza kuandikwa na mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote. Ulikuwa safi, na mdogo wake hakuwemo.

Akaandika: "Nani ameandika?"

Jibu lilichelewa kidogo, kisha likaja. "Ni binti yangu. mimi nilikua nasema yeye anaandika. nilimwambia ahakikishe vizuli ili dada asipate tabu."

Bi Nukta aliegemea ukuta. Wala hakukuwa na kijembe ndani yake. Mdogo wake alimwita mzazi mwenye kichanga, akamkalisha, akamtajia maneno, akamwambia ayasafishe, yote hayo kwa ajili ya kumtendea dada yake wema. Aliandika sentensi moja ya kumjibu, akaifuta. Akaandika nyingine ndefu zaidi, yenye "kwa kweli" na "naomba uelewe", akaifuta na hiyo. Mwisho akaandika maneno mawili, akayatuma kabla hajapata muda wa kuyakagua.

"Nipe tabu."

Simu ikaonyesha kwamba yamesomwa. Ikaonyesha kwamba mdogo wake anaandika. Ikaacha kuonyesha. Ikaonyesha tena, muda mrefu, mtu anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, ikaacha. King'ora cha kurudi kazini kikalia. Alirudi mezani, akachukua rula, akaendelea na kitabu cha hesabu cha darasa la tatu, jicho moja pembeni.

Saa kumi na moja mtambo ulizimwa. Wenzake wakaaga mmoja mmoja, binti wa kompyuta akamuuliza kama hatoki. Akasema anamalizia ukurasa. Hakukuwa na ukurasa. Alibaki ameketi pale na simu mbele yake, kwa sababu nyumbani angeketi hivyo hivyo.